Mgonjwa Asiyekuwa na Maneno

Bu Murtinah alipoambiwa kuwa katika zoezi la mafuriko yeye ndiye atakayekuwa mgonjwa, alifurahi. Alipoambiwa kuwa mgonjwa mwenyewe hasemi kitu, furaha ikamtoka kama hewa kwenye puto.

"Hasemi kabisa?" aliuliza.

"Kabisa, Mbah," alijibu Mas Seto, kijana mwembamba wa ofisi ya mipango ya jiji. "Ni ajuza, amevunjika mguu, yuko kitandani. Kazi yako ni kulala tu. Waokoaji watakuja wakubebe."

Mambo mawili yalimchoma hapo. La kwanza ni hilo la Mbah, jina aitwalo kikongwe, na yeye alikuwa bado anapaka wanja kila asubuhi; "Bu", yaani mama, ingemtosha. La pili ni kulala tu. Bu Murtinah alikuwa ametumia ujana wake wote katika kundi la michezo ya jukwaani lililozunguka pwani ya kaskazini ya Java, na miaka yote hiyo alikuwa mjakazi wa ikulu. Aliingia na sinia, akapiga magoti, akasema mgeni amefika, akatoka. Malkia walikuja na kuondoka, wengine hawajui hata kutembea, yeye na sinia lake. Kisha watu wakapenda televisheni, kundi likafa, akarudi Karangbanyu kuuza pecel, mboga za kuchemsha zilizomwagiwa mchuzi wa karanga, mbele ya mlango wake. Sasa jukwaa lilikuwa limemfuata nyumbani, na hata lile sinia hakupewa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Bu Endang wa nyumba ya kona alipewa nafasi ya mama mjamzito, tena yenye maneno. Bu Endang, ambaye kitinda mimba wake yuko jeshini.

Mtaa wa Karangbanyu uko ukingoni mwa jiji la Semarang, mahali ambapo ardhi inashuka, bahari inapanda, na watu wamebaki katikati. Kila baada ya miaka kadhaa mtu hujaza kifusi ndani ya nyumba na kuinua sakafu, lakini paa hubaki palepale, kwa hiyo siku hizi madirisha yako usawa wa magoti na mgeni mrefu huingia ameinama kama anayeomba radhi. Bamvua ya kila mwezi huleta maji ya chumvi mpaka kichochoroni. Watu hukunja suruali, wakaendelea na mazungumzo.

Mas Seto alikuwa amewaeleza mpango wa jiji katika msikiti mdogo wa mtaa. Mpango ulikuwa na pande mbili, alisema. Upande mmoja ni kupunguza moshi unaolichemsha anga: mabasi ya umeme, boti za betri badala ya dizeli, paneli za umeme wa jua juu ya paa la soko. Upande wa pili ni kujiandaa kwa maji ambayo yameshafika: kupanda mikoko, kuinua barabara, na kufanya mazoezi ya kuokoana. Watu walisikiliza kwa adabu. Kisha Yu Painem akainua mkono. Huyu alikuwa jirani wa ukuta mmoja na Bu Murtinah, mjane mnene asiyependa kuona sahani tupu ya mtu yeyote, na mtaa mzima ulimwita Yu, yaani dada.

"Mwanangu," alisema, "sisi huku tunapikia jiko moja na tunapanda baiskeli. Huo moshi wa kupunguza tuutoe wapi? Au tuazime kwa matajiri kwanza, halafu ndio tuupunguze?"

Msikiti mzima ukaangua kicheko. Masikio ya Mas Seto yakawa mekundu, akakiri kuwa swali lina haki yake, na akaruka haraka mpaka kwenye zoezi.

Siku ya zoezi ilichaguliwa makusudi iwe ya bamvua, ili maji yawepo. Kulipopambazuka yalikuwa yameshafika chini kidogo ya magoti. Bu Murtinah aliamka mapema, akajipaka unga wa mchele usoni mpaka akapauka kama maiti, akachora alama ya damu kwenye paji la uso kwa rangi ya midomo, akafungua nywele. Alifunga mguu kwa kanga ya zamani, akajilaza kitandani, akangoja.

Akangoja. Wakubwa walikuwa wameketi kwenye jukwaa mbele ya shule, ambako waliookolewa wangepelekwa, pamoja na wageni kutoka nchi za mbali waliokuja kuona jinsi jiji linavyojiandaa. Umeme wa mtaa ulikuwa umezimwa kwa ajili ya usalama, kama mpango ulivyotaka. Lakini Pak Karsono, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa mtu asiyeweza kusema hata neno la karibuni bila kipaza sauti. Alitafuta umeme huku na huku, macho yake yakaiangukia boti mpya ya uokoaji, imefungwa kwenye nguzo, betri yake imejaa pomoni. Akaunganisha waya. Alihutubia yeye, akahutubia diwani, akahutubia mgeni mmoja na mkalimani wake, na ikapigwa muziki kidogo kati ya hotuba moja na nyingine ili watu wasichoke.

Bu Murtinah aliyasikia yote hayo akiwa chali, unga unamwasha puani. Hatimaye king'ora kililia. Akajikunja, akaanza kuhema kwa shida. Alijua kwamba atasikia injini ikija, apate nafasi ya kujiweka sawa kwa ajili ya mapigo ya mwisho ya kuhema. Hakusikia kitu. Akageuza kichwa kidogo aone kulikoni, na hapo kando ya kitanda walikuwa wamesimama wanaume wawili wenye fulana za rangi ya chungwa.

Alipiga yowe la kweli.

"Mmeingiaje?"

"Kwa boti, Bu," alisema mmoja wao. "Ya umeme. Haina kelele."

"Sasa mimi nitajuaje kama naokolewa? Tangu lini mtu akaokolewa kimyakimya, kama anaibiwa?"

Mas Seto alichungulia mlangoni, ameinama, karatasi zake mkononi. "Mbah," alinong'ona, "mgonjwa hasemi."

"Kilichovunjika ni mguu," alisema Bu Murtinah. "Mdomo mzima."

Nje kwenye madirisha majirani walikuwa wamejazana kutazama, na kicheko chao kilimfikia kama harufu ya chakula kwa mwenye njaa. Miaka yote ile jukwaani hakuna aliyewahi kumchekea, wala kumlilia. Walikuwa wakimtazama tu apishe. Akajiinua kwa kiwiko.

Waokoaji walipoinama kumbeba, alishika mbao za kitanda. "Siendi popote bila kinu changu cha karanga. Ni jiwe la mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Yeye alinichukia, lakini kinu alinipa."

"Tutakifuata baadaye, Bu."

"Baadaye ya nani? Mara ya mwisho mliniambia nitarudi jioni ileile. Nikalala darasani mpaka nikajua kugawanya kwa mafungu." Kicheko kikazidi. "Na mlango nani atauchunga? Samaki? Tena maji haya msinitishe nayo. Maji haya nayajua tangu yanatambaa."

Makofi yakalipuka. Yu Painem, aliyekuwa mbele kabisa dirishani, alipangusa machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kichochoroni Bu Endang alikuwa akipiga kelele "Nisaidieni" kwa mara ya kumi, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama, na mto wa tumboni ulishachomoka na kuelea kuelekea msikitini.

Kwenye jukwaa wakubwa walikuwa wakitazama saa. Mpango ulisema mgonjwa atolewe nyumbani haraka iwezekanavyo, na mgonjwa alikuwa ameketi kitandani, mikono kiunoni. Mas Seto alisimama katikati ya chumba, kichwa kimegusa dari, jasho linamtiririka. Alimsihi Bu Murtinah kwa kunong'ona, asisikie. Akamwonyesha karatasi, bibi akafunga macho. Mwishowe kijana akafanya jambo ambalo hata yeye mwenyewe baadaye hakuweza kulieleza. Alizitia karatasi mfukoni, akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mguu wenye kanga.

"Mama," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Ni mimi. Nimerudi."

Bu Murtinah alimtazama. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumpigia magoti jukwaani. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Kitu kikamfunguka kifuani.

"Umerudi," alisema polepole. "Kisiwa kizima cha Kalimantan hakuna simu?"

"Nilikuwa naona aibu, Mama. Niliondoka kwa hasira."

"Nilikuwekea chakula mezani siku ile. Kikapoa."

"Najua. Twende sasa, Mama. Sitaki kukukuta umeondoka kabla sijakuomba radhi."

Hapo Bu Murtinah akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, yakachora njia mbili katika unga wa mchele. Dirishani hakuna aliyecheka tena. Hata mmoja wa waokoaji alikuwa akivuta kamasi.

"Haya," alisema. "Lakini kinu twende nacho."

Wakambeba hadi kwenye boti, kinu kapakata. Mwendesha boti akabonyeza swichi, boti haikutikisika. Akabonyeza tena. Hotuba za Pak Karsono zilikuwa zimeinyonya betri, na chembe iliyobaki ilikwisha katika safari ya kuja. Wakubwa walikuwa wanatazama, wageni wanatazama, na mtoto aliyerudi kutoka Kalimantan hakuwa na njia nyingine ila kugeuza mgongo. "Panda, Mama," alisema.

Alikwenda hatua chache tu. Kijana alikuwa mwembamba, mama hakuwa mwembamba, na kinu kilikuwa cha jiwe. Miguu ikamteleza, wote wakazama majini, na kilichofuata ni kwamba ajuza aliyevunjika mguu alisimama, akakamata kinu kwa mkono mmoja na ukosi wa mwanawe kwa mkono mwingine, akamburuta hadi kwenye ngazi za shule huku anakohoa maji. Mtaa mzima ulipiga makofi. Karani aliyekuwa anahesabu waliookolewa aliandika mtu mmoja, akakaa anafikiri ni yupi.

Kwa mwezi mzima uliofuata Bu Murtinah alikuwa malkia. Mtu fulani alikuwa amerekodi kwa simu, na video ilizunguka jiji zima. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kula pecel, wakamtaka aseme. Sokoni muuzaji akidaiwa chenji alijibu, "Kilichovunjika ni mguu." Mvua ikianza, madereva walisema, "Maji haya nayajua tangu yanatambaa." Mas Seto alikuja kumweleza kwamba wageni walipenda, kwamba sasa boti imewekewa kengele ili watu waisikie, na kwamba ni marufuku mtu yeyote kuunganisha kipaza sauti kwenye betri yake. Alimwita Bu, si Mbah. Bu Murtinah alimpa sahani ya bure na hakuona kitu chochote kibaya duniani.

Kisha ikaja bamvua nyingine, na safari hii ilikuja na upepo wa baharini. Asubuhi maji yalikuwa ya kawaida. Adhuhuri tuta la udongo lililokuwa upande wa mashariki lilikatika, na kabla watu hawajamaliza kuulizana, maji yalikuwa kiunoni na bado yanapanda. Kengele ya boti ikasikika kichochoroni.

Bu Murtinah hakubishana na mtu. Alishuka dirishani na kinu chake na bunda la nguo, akaketi mbele. Alikuwa ameogopa, na aliona haya kuonyesha. Mas Seto alikuwa humo botini, amelowa chapachapa, akisaidia kuvuta watu. Lakini mambo yalikuwa yanakwenda taratibu. Kwenye nyumba ya kwanza mzee mmoja alitoa kichwa dirishani, akasema maji haya anayajua tangu yanatambaa, akacheka peke yake, ikabidi abembelezwe. Kwenye nyumba ya pili mke alitaka kwenda, mume akauliza mlango nani atauchunga. Samaki? Mas Seto hakumtazama Bu Murtinah. Yeye naye aliyakazia macho maji.

Wakafika kwa Yu Painem.

Yu Painem alikuwa ameketi juu ya kitanda kilichopandishwa juu ya matofali, miguu ameikunja, maji yanalamba godoro. Waokoaji walipomwambia apande, alianza. Alisema habari ya kurudi jioni ileile, na kulala darasani, na kugawanya kwa mafungu. Alisema kuhusu samaki na mlango. Bu Murtinah aliyasikiliza yakitoka dirishani, neno kwa neno, hata pale yeye alipovuta pumzi siku ya zoezi. Mwanzo alijisikia fahari kidogo, kwa maana maneno yalikuwa mazuri. Kisha akahisi baridi. Yu Painem alikuwa akiyasema vizuri kuliko alivyoyasema yeye, kwa sababu alikuwa akiyamaanisha.

"Niacheni niingie," alisema Bu Murtinah, akamkabidhi Mas Seto kinu.

Ndani maji yalimfika mbavuni. Alipanda kitandani, akaketi kando ya rafiki yake, godoro likabonyea na kulowa zaidi.

"Umekuja kunifanyia nini?" aliuliza Yu Painem.

"Kukutoa."

"Hunitoi. Wewe mwenyewe ulisema, mtaa mzima ukapiga makofi."

"Yu, mimi nilikuwa naigiza."

"Basi mimi siigizi."

Bu Murtinah alijaribu kulia, kwa kuwa mara ya kwanza machozi yalisaidia. Hayakuja. Akajaribu kumtisha kwa habari za nyoka wa majini. Yu Painem akamwambia nyoka wana akili, wameshakimbilia shuleni. Kengele ya boti ikagonga nje, mara mbili, kwa adabu.

"Niambie ukweli basi," alisema Bu Murtinah. "Si mlango huo unaouogopea. Mlango wenyewe hauna hata komeo."

Yu Painem alizitazama sufuria zake. "Mara ile ya mwisho," alisema, "tulipanga foleni na sahani. Mimi, Murtinah. Nimesimama na sahani kama kuku anayengoja kumwagiwa pumba. Kijana mmoja akaniambia, bibi, sogea, wenzako wanangoja. Akanipa wali umeungua. Tangu nizaliwe hakuna aliyeingia nyumbani kwangu akatoka na njaa, na mimi nanyooshewa wali ulioungua. Nikasema sirudi tena. Bora nifie hapa, sufuria zangu zinaniona."

Bu Murtinah aliegemea ukuta, akanyoosha miguu majini.

"Haya," alisema. "Basi tukae. Mimi sijala tangu alfajiri."

Ukutani kalenda ilikuwa inang'oka taratibu kwa unyevu.

"Hujala kabisa?" aliuliza Yu Painem.

"Nilikuwa naponda karanga maji yakaingia. Tumbo linanguruma, sikiliza. Lakini usijali. Tukae."

Yu Painem alilitazama jiko lake, ambalo lilikuwa limezama, limebaki ukingo tu wa juu. Akautazama mfuko wa mchele uliovimba. Alijigeuza upande huu, akajigeuza upande ule, kama mtu aliyekalia siafu. Mgeni nyumbani kwake, ana njaa, na hakuna hata kipande cha muhogo.

"Kuna biskuti kwenye kopo," alisema.

"Kopo lile pale linaelea?"

Lilikuwa linaelea, kifuniko kando yake. Bu Murtinah alipiga miayo mirefu, akajikuna.

"Shuleni wanapika, nasikia," alisema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. "Ila sijui kama nitaweza kula. Mpishi ni Bu Endang."

Yu Painem aligeuka kwa kasi hata kitanda kikayumba juu ya matofali. "Nani?"

"Endang. Nasikia ameshika mwiko tangu saa sita. Anapikia mtaa mzima."

"Endang wa nyumba ya kona? Endang anayetia sukari kwenye samaki? Nani kampa ruhusa?"

"Watu wana njaa, Yu. Nani atauliza ruhusa."

"Huyu atawaua watu walionusurika na mafuriko," alisema Yu Painem, na tayari alikuwa ameshuka kitandani, maji yanamfika kifuani, anapapasa rafu ya juu kutafuta mwiko wake mrefu na kifurushi cha pilipili alichokifunga kwenye nailoni. "Unakaa kaa nini? Shika hiyo sufuria kubwa. Si hiyo, ile ya harusi. Mas Seto, sogeza boti, tusipotezewe muda."

Ilichukua watu wawili kumpandisha na mmoja kuipandisha sufuria. Boti ikaondoka bila mngurumo, kengele tu, kupita madirisha yaliyokuwa yamebaki nusu.

Shuleni Bu Endang hakuwa amepika kitu. Alikuwa ameketi pembeni juu ya mkeka, amejifunika blanketi, anatetemeka, wala hakuwa amefikiria kushika mwiko. Wanaopika walikuwa vijana wa kujitolea watatu waliokuwa wakiitazama sufuria ya wali kama wanaomtazama mnyama asiyejulikana. Yu Painem alisimama mlangoni, akamtazama Bu Endang, akawatazama vijana, kisha akageuka na kumtazama Bu Murtinah kwa muda mrefu sana.

"Mwongo wewe," alisema.

"Njaa ilikuwa ya kweli," alijibu Bu Murtinah.

Yu Painem alitaka kuongeza neno, lakini pua yake ilinasa harufu. Wali ulikuwa unaungua. Akawasukuma vijana kando, akainua mikono ya blauzi, na kwa siku zote zile ambazo maji yalikataa kurudi baharini hakuna aliyemwona Yu Painem kwenye foleni, kwa maana foleni ilikuwa inakuja kwake. Alimkaribisha kila mtu kwa jina. Bu Endang alipewa kipande cha ziada, akaambiwa ale ajifunze samaki anavyopikwa. Bu Murtinah naye alipewa chakula kizuri, lakini hakusemeshwa mpaka siku ya tatu, na hata siku hiyo aliambiwa tu asogeze chumvi.

Maji yalipotoka na watu kurudi kusugua chumvi ukutani, Mas Seto alikuja na daftari lake akaketi barazani, kati ya wanawake wawili ambao walikuwa bado wananuniana kidogo.

"Bu Murtinah," alisema, "nataka kuelewa. Ulimwambia nini Yu Painem?"

"Uongo," alisema Yu Painem.

"Nauliza kwa ajili ya mpango. Hatuwezi kuandika uongo kwenye mpango wa jiji."

"Kwani yaliyomo humo yote kweli?" aliuliza Bu Murtinah, na Yu Painem akasahau kununa, akacheka mpaka akashika ubavu.

Mas Seto aliwangoja wamalize. Kisha akasema amefikiria kwamba kila kichochoro kichague mtu wake wa kupanda boti, anayejua nani ana hofu gani, na kwamba jiko la shule lishikwe na watu wa mtaa wenyewe, si wageni. Na kwa kuwa gesi huisha haraka siku za mafuriko, na moshi wake ndio ule ule wanaotaka kuupunguza, jiji linaweza kuleta majiko ya umeme yanayotumia paneli za jua za paa la soko.

"Umeme kwenye wali wangu?" alisema Yu Painem. "Moto usioonekana nitaupimaje?"

"Utajifunza, Yu. Ni rahisi."

"Umekula wewe?"

"Nimekula, asante."

"Saa ngapi?"

Mas Seto alisita, na kusita huko kukamponza. Aliletewa sahani iliyojaa, akaletewa nyingine, na kila alipofungua mdomo kuelezea jiko la umeme aliambiwa amalize kwanza kilicho mbele yake. Alipomaliza alikuwa amelegea hata kubishana hawezi. Wakakubaliana liletwe jiko moja la kujaribia, na Yu Painem alipikia hilo moja kwa wiki nzima huku akilitukana, kisha siku moja mtu alipotaka kulirudisha ofisini akakataa kuliachia.

Bu Murtinah alitakiwa katika mitaa mingine ya pwani. Mazoezi yalikuwa yanaendelea, na kila mwenyekiti alimtaka mgonjwa yule mbishi wa kwenye video. Alikubali kwa sharti moja, kwamba akishamaliza kukataa, watu wasiondoke. Alipigiwa makofi kila mahali, na kila mahali, makofi yakiwa bado hayajatulia, aliteremka kitandani na mguu wake uliovunjika, akaenda dirishani alipokuwa amesimama yule aliyecheka kwa sauti kuliko wote, akamuuliza, kwa upole, na bila unga wa mchele kumsaidia, yeye hasa anaogopa nini huko shuleni.

Wengi waliona haya kujibu mbele za watu. Mzee mmoja wa mtaa wa wavuvi alimvuta kando akamwambia ni choo.

Bu Murtinah alimpelekea Mas Seto habari hiyo siku ileile. Kijana aliandika, akapiga mstari chini yake, na vyoo vya shule ya mtaa ule vikatengenezwa kabla ya msimu wa mvua.